Maswali ya Wazazi: CMV mimbani na kwa mtoto mchanga

Toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu kwamba kuna virusi viitwavyo CMV, kirefu chake saitomegalovirusi, vinavyoweza kumharibia mtoto usikivu akiwa bado tumboni. Barua zikamiminika, kuanzia Malindi mpaka visiwani Lamu. Nyingi zina hofu kuliko jambo lenyewe linavyostahili, na chache zina hofu kidogo mno. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki kumi. Kliniki moja ya binafsi ilinipima kipimo cha maambukizi kadhaa kinachoitwa TORCH. Majibu: CMV IgG ipo, 180, CMV IgM haipo. Nikaandikiwa vidonge vya asiklovia vya mwezi mzima, na nikaambiwa nisibebe mimba mpaka hiyo 180 ishuke. Nimerudia kupima, ni 176. Nifanyeje? — Muyeye, Malindi

Pole sana, dada. Kwanza, 180 na 176 ni kitu kimoja. Mashine ile ile ikirudia damu ile ile inaweza kukupa tofauti kama hiyo. Na usitarajie iishe. IgG ni kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya CMV kuingia, na hubaki maisha yote kwa sababu virusi vyenyewe havitoki. Ni wa ukoo mmoja na virusi vya tetekuwanga: vikishaingia hujificha ndani ya chembe za damu na kwenye uboho, vikalala, na mara moja moja vikaamka bila mwenyewe kujua. Anayekwambia usubiri IgG iishe anakwambia usizae tena.

Katika sehemu nyingi za Afrika, wanawake 9 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, au zaidi, wana IgG ya CMV. Wengi walivipata wangali wachanga, kwa maziwa ya mama na mate ya ndugu zao. Tukiwapima akina mama wote waliokaa kwenye benchi la kliniki siku ile, waliojifungua salama na ambao mimba zao zilitoka, karibu wote wangeondoka na karatasi kama yako. Kipimo kinachojibu "ndiyo" kwa kila mtu hakiwezi kukueleza kwa nini mimba yako ilitoka. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro za kromosomu zilizotokea tangu yai liliporutubishwa, na hakuna alichokosea mama.

Hivyo vidonge havikufai. Asiklovia ni nzuri kwa malengelenge ya mdomoni na kwa tetekuwanga. Kwa CMV ni dhaifu, na hata ingekuwa kali haiondoi virusi vilivyolala. Muone daktari mwingine, na pesa ulizobakiza zipimie kaswende, Ukimwi, malaria, wingi wa damu, sukari na mkojo, maana haya yakipatikana yana tiba. Anza foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, na uendelee mpaka wiki ya 12.

Mambo yangekuwa tofauti kama IgM, yaani kingamwili zinazotangulia maambukizi yakiwa mapya, ingekuwepo wakati una mimba changa. Hata hapo IgM peke yake si ushahidi tosha: huweza kubaki miezi mingi, na maambukizi mengine huweza kuidanganya mashine. Kinachofuata ni kupima jinsi IgG inavyong'ang'ania virusi, kipimo ambacho maabara huandika "avidity". Ikiwa imeng'ang'ania sana na mimba haijavuka wiki 12, maambukizi yalikuwepo kabla hujashika mimba. Ikiwa imelegea, ni ya karibuni, na hapo unastahili kupelekwa kwa daktari bingwa wa wajawazito haraka, kwa sababu kuna dawa, valasiklovia, gramu 8 kwa siku, ambayo ikianzwa mapema imeonyesha kupunguza uwezekano wa virusi kuvuka kondo la nyuma. Gramu 8 ni nyingi na figo lazima zichungwe. Si dawa ya kununua dukani.

Kama karibu kila mama anavyo, watoto wangapi huzaliwa navyo? Na kinga yake inafanya kazi gani basi? — Mwanafunzi wa uuguzi, Malindi

Duniani kote, wastani ni watoto 6 au 7 kwa kila 1,000 wanaozaliwa. Nchi tajiri huwa karibu na 5; nchi za kipato cha chini na cha kati, sisi tukiwemo, karibu 14. Hakuna maambukizi mengine ya tumboni yanayowapata watoto wengi duniani kuliko haya.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu vitabu husema mama mwenye IgG amekingwa. Amekingwa kweli, ila si kabisa. Mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito humwambukiza mtoto mara 30 hadi 40 kwa kila mimba 100. Mama aliyekuwa navyo tangu zamani humwambukiza kama mara 1 kwa 100, virusi vyake vikiamka au akipata aina nyingine ya CMV kutoka kwa mtu mwingine. Sasa piga hesabu. Katika mji ambao mama 950 kati ya 1,000 wanavyo, hiyo moja kwa mia pekee inatoa watoto 9 au 10. Nchi kama Ufaransa, ambako karibu nusu ya wanawake hawajawahi kuambukizwa, kila mjamzito wa nusu hiyo ana hatari kubwa akiambukizwa, lakini wanaoambukizwa ndani ya miezi tisa ni wachache. Kwa hiyo kwetu watoto wengi wenye CMV huzaliwa na mama waliokuwa navyo zamani, na mama hao hawakuugua chochote mimbani. Mama mwenye Ukimwi ambaye hajaanza dawa ana uwezekano mkubwa zaidi.

Kati ya watoto 100 waliozaliwa na CMV, 10 hivi huonyesha dalili siku ile ile. Waliobaki huonekana wazima kabisa, na ni wazima kweli wengi wao, lakini 10 hadi 15 kwa kila 100 kati yao hupoteza usikivu baadaye, sikio moja au yote. Ukijumlisha, mtoto mmoja kati ya watano hubaki na tatizo la kudumu. Maambukizi ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba ndiyo huharibu zaidi ubongo na masikio. Ya mwishoni huvuka kwa wepesi zaidi lakini madhara yake ni machache.

Nyumba yetu haikosi paka. Mke wangu ana mimba, na jirani kasema CMV hutoka kwa paka. Tuwahamishe? — Mkomani, Lamu

Waacheni. CMV ya binadamu haikai kwa paka, punda wala kuku. Jirani amechanganya na toksoplazma, ambayo hupimwa kwenye karatasi ile ile ya TORCH, na hiyo kweli hutoka kwenye mavi ya paka na nyama isiyoiva. Mke wako asizoe mavi ya paka kwa mikono mitupu, na nyama iive. Basi.

Nafundisha chekechea na nina mimba ya miezi minne. Watoto arobaini, kamasi na mkojo kutwa. Niache kazi? — Langoni, Lamu

Usiache kazi, mwalimu, ila uliyoyataja ndiyo yenyewe. Mtoto mdogo akishaambukizwa hutoa virusi kwenye mate na mkojo kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, huku akicheza na akila kama kawaida. Usijaribu kumtafuta ni yupi. Wachukulie wote kuwa wanavyo.

CMV haipepei hewani kama surua. Inahitaji majimaji ya mtu yafike kwenye mdomo, pua au jicho lako. Tazama pembe ya leso yako saa nne asubuhi: imefuta pua ya huyu, udenda wa yule, kisha umejifutia jasho la uso. Hiyo ndiyo njia. Kwenye kitambaa kibichi virusi vinaweza kubaki hai muda wa saa 6 hivi, kwenye plastiki muda wa saa 3, kwenye mbao na chuma saa moja. Leso yako iwe yako. Watoto wawe na vitambaa vyao au karatasi za kutupa. Mabuyu yaliyokwisha kumungunywa ambayo mtoto anakutilia mkononi kwa mapenzi, yapokee kwa kijikaratasi.

Nawa kwa sabuni, sekunde 15 hadi 20, kila baada ya kufuta pua, kubadilisha nguo iliyolowa, kulisha, na kuokota vitu vilivyotiwa mdomoni. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu jingi. Ongeza sabuni na usugue zaidi, kazi itafanyika. Pale ambapo bomba liko mbali, jeli ya spiriti inatosha, mradi mikono haina tope. Usionje uji wa mtoto kwa kijiko chake wala usimalizie chai yake. Ukimbusu, mbusu utosini.

Mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu nyumbani ana hatari kama yako au zaidi, kwa sababu yeye hulala naye na hula naye sahani moja. Na kwa kuwa CMV hupita pia kwenye shahawa na majimaji ya ukeni, mume aliyetoka safari ndefu atumie kondomu mpaka mtoto azaliwe. Hili tunajua haliwafurahishi wengi. Chanjo bado hakuna.

Ukipata homa mimbani, usianze kuwazia CMV. Kwa huku kwetu kwanza ni malaria, na kipimo chake hakingoji kesho.

Shikamooni? Hapana, mimi ndiye mkubwa, nipeni yangu. Mjukuu wangu wa kwanza anazaliwa mwezi ujao. Binti ananikataza kumfanyia tahniki, yaani kumpaka kaakaani tende niliyotafuna. Ni kweli ina madhara? — Bibi, Siyu

Shikamoo bibi. Kwa upande wa CMV, mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni akipata virusi hivi baada ya kuzaliwa, kwa mate au kwa ziwa, kwa kawaida haviwi na madhara yoyote kwake. Masikio na ubongo huharibika kwa maambukizi ya tumboni tu. Lakini mate hubeba mengine: malengelenge ya mdomo wa mkubwa yanaweza kumuua mchanga, na kifua kikuu si cha kufanyia mzaha. Binti hakukosea.

Tende si lazima itafunwe. Nawa mikono, toa kokwa, iponde kwa mgongo wa kijiko kisafi na matone ya maji yaliyochemshwa mpaka iwe laini kabisa, kisha paka kidogo sana kwa kidole kisafi juu ya kaakaa. Kisibaki kipande. Shehe wa msikiti wenu atakwambia kama hilo linatosheleza sunna. Mashehe wengi hawana shida nalo. Akizaliwa kabla ya wakati au akiwa mgonjwa, ahirisha mpaka daktari aruhusu.

Nimezalisha mtoto wa miezi tisa kamili, kilo 2.1, kichwa sentimita 30, ana madoa ya zambarau mwilini na macho ya njano siku ya kwanza. Nashuku CMV. Hapa zahanati sina kipimo. Hatua? — Mkunga, Faza

Mkunga mwenzetu, umeona vyema. Rudia kipimo cha kichwa kesho, maana mbano wa njia ya uzazi hubadilisha umbo: utepe usiovutika, juu kidogo ya nyusi na pale kisogo kilipotokeza zaidi, mara tatu, uandike kubwa kuliko zote. Kwa mtoto aliyetimiza siku, chini ya sentimita 30.3 kwa msichana au 30.7 kwa mvulana ni kichwa kidogo mno.

Lakini mtoto huyu asikae kungoja kesho hapo Faza. Manjano siku ya kwanza ni dharura kwa sababu yoyote ile. Picha hiyo hiyo huletwa na kaswende na sumu ya bakteria kwenye damu, na zote mbili huua haraka kuliko CMV na zina dawa kwenye kabati la karibu. Mpime mama kaswende sasa hivi, anza antibayotiki kwa mwongozo mlio nao, mtoto afungwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na boti liondoke kwenda hospitali ya kaunti. Cha kupimia kichwa watakuwa nacho.

Kuhusu CMV yenyewe, kumbuka nambari moja: siku 21. Sampuli ikichukuliwa ndani ya siku 21 na ikakutwa na virusi, alizaliwa navyo. Ikichukuliwa baadaye, huwezi kujua kama ni vya tumboni au vya ziwa la mama. Usipime damu ya mtoto IgG, ile ni ya mama iliyovuka. Na IgM huwakosa watoto wengi. Kinachotakiwa ni PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, ya mate au mkojo.

Mate: ngoja angalau saa moja tangu aliponyonya, la sivyo utapima maziwa. Zungusha kijiti cha pamba kati ya shavu na ufizi mpaka kilowe, kirudishe kwenye mrija wake, andika tarehe na saa ya kuzaliwa na ya kuchukua. Mkojo: mfuko wa kubandika, au pamba safi ndani ya nepi kisha uikamue kwa bomba la sindano, mililita 1 au 2 zinatosha. Weka kwenye kasha la baridi, nyuzi 2 hadi 8. Usigandishe mkojo. Mate yakisema ndiyo, thibitisha kwa mkojo, bado ndani ya zile siku 21. Kinachoharibika mara nyingi ni siku, si sampuli: imechukuliwa siku ya 5, ikalala kwenye friji ikingoja mtu wa kwenda Mombasa, ikakutwa imevuja, na mtoto keshatimiza mwezi. Chukua mbili, tuma moja.

Majibu yakithibitika na mtoto ana dalili kubwa kama huyu, daktari wa watoto humwanzishia valgansiklovia kabla hajatimiza mwezi mmoja: miligramu 16 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa miezi 6. Kwa kilo 2.1 ni kama miligramu 34 kila mara, yaani karibu mililita 0.7 ya dawa ya maji yenye miligramu 50 kwa mililita. Kipimo hupandishwa uzito ukipanda; kosa la kawaida ni mtoto wa miezi minne kubaki na dozi ya mchanga. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa kila wiki kwa wiki 6, tena wiki ya 8, halafu kila mwezi. Zile chembe ziitwazo nyutrofili zikishuka chini ya 500, dawa husimamishwa mpaka zipande. Mwenye mimba asiishike bila glavu. Faida yake ni kwenye usikivu na akili ya mtoto, nayo ni ya kiasi. Wazazi waambiwe hivyo tangu mwanzo. Mtoto mwenye CMV asiye na dalili yoyote kwa kawaida hapewi.

Pacha wangu wamezaliwa wiki ya 29, mmoja kilo 1.1 na mwingine 1.2. Nimesoma kwamba maziwa ya mama yana CMV. Niache kuwakamulia? — Malindi

Usiache, mama. Ni kweli virusi huamka ndani ya ziwa la karibu kila mama mwenye CMV, na watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 mara chache huugua navyo: kupumua husitasita, chembe za kugandisha damu hushuka. Lakini maziwa ya unga huwaletea watoto wa uzito huo kuoza kwa utumbo, na hilo ni baya zaidi. Kugandisha maziwa kwenye friza hupunguza virusi bila kuvimaliza. Nyuzi 62.5 kwa dakika 30 huvimaliza, ila hufanywa kwa chombo chenye kipimajoto. Usijaribu kwa sufuria na jiko la mkaa. Endelea kukamua, na waambie wauguzi mapema mmoja akibadilika rangi au akisahau kupumua.

Mwanangu ana mwaka na nusu, hasemi hata "mama". Alizaliwa mzima, kilo 3. Nimpime CMV? — Watamu

Umri huu kipimo hakitasema lolote. Watoto wengi wa kwetu wameshavipata wenyewe kabla ya mwaka. Nchi zinazohifadhi kadi ya tone la damu ya kisigino huweza kurudi kuipima hiyo. Sisi hatuna kadi. Pima usikivu, na upime mwezi huu. Uzito mzuri na kuzaliwa mzima havimwondoi kwenye orodha, kwani CMV huweza kupoteza usikivu baada ya miezi, hata miaka.

Wakati unangoja siku ya kliniki, mpakate akutazame wewe. Mtu mwingine asimame nyuma yake, mita moja, pembeni kidogo, asionekane hata kivuli, amwite kwa sauti ya chini. Kisha upande wa pili. Usipige makofi wala kugonga mlango. Mtoto kiziwi huhisi upepo na mtikisiko akageuka, na mama hurudi nyumbani ameridhika. Akigeuka upande mmoja tu kila mara, hilo nalo ni jibu.

Hata akigeuka vizuri, mpeleke, maana hasemi. Ulizia hospitali ya kaunti kipimo cha masikio cha ABR, au kituo cha tathmini ya elimu, EARC, kilicho karibu nawe. Ikithibitika hasikii, avae vifaa vya kusikia mapema na nyumba nzima ianze lugha ya ishara wiki hiyo hiyo; ishara hazimzuii kusema. Kabla ya safari, mhudumu amtazame ndani ya masikio: nta iliyoziba au usaha utaharibu majibu na mtarudishwa. ABR hufanywa mtoto akiwa usingizini, kwa hiyo mcheleweshe kulala usiku wa kuamkia siku hiyo, asisinzie njiani kwenye matatu, na umnyonyeshe mkishafika.